Mimi, Mkwe Wangu na Gunia la Ulezi Hadi Kabwe

Nimerudi. Ni siku kadhaa sasa, na mgongo bado unauma kuanzia kiunoni hadi shingoni, viganja vina malengelenge, na nilipoiwasha simu niliikuta imejaa maswali yenu, ninyi wa gereji ya zamani. Ulipotelea wapi? Ni kweli ulianguka? Ni kweli ulimpakia mkwe wako kwenye pikipiki? Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake. Naandika mara moja, msome nyote, kisha mniache nilale.

Uani kwangu, Sumbawanga

Safari hii haikuanza siku tuliyoondoka. Ilianza Jumamosi iliyotangulia, uani kwangu, nilipobadilisha pedi za breki ya mbele.

Mnanijua. Niliondoka Sumbawanga na begi moja la shule, nikabeba mizigo Kariakoo mchana, nikasoma jioni, nikapata stashahada ya ufundi wa magari bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Nimerudi na nimejenga. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, madirisha ni ya vioo, na cheti changu kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, anayeingia akione kabla hajaketi. Mtu wa namna hiyo hapeleki pikipiki yake kijiweni ikafunguliwe kwa nyundo. Natengeneza mwenyewe, nyumbani, juu ya turubai safi, spana zimepangwa kwa ukubwa wake.

Kazi yenyewe ni ndogo kwa anayeijua. Unafungua bolti mbili zinazoshika kalipa, yaani kile chuma kinachobana diski kwenye gurudumu la mbele. Unaitoa, unachomoa pini, pedi za zamani zinatoka. Zangu zilikuwa zimekwisha. Moja ilibaki na unene wa ganda la yai. Unaisugua kalipa kwa mswaki na maji ya sabuni, unairudisha ndani polepole pistoni, ile inayosukuma pedi, huku ukiangalia mafuta ya breki yasifurike kule juu kwenye kikopo chake. Pini unazipiga msasa na kuzipaka grisi kidogo sana. Pini tu. Kisha unaingiza pedi mpya, unafunga, unabonyeza breki mara kadhaa mpaka mkono wa breki uwe mgumu. Ukisahau hilo la mwisho utaingia barabarani ukibonyeza hewa, na kitakachokusimamisha ni ukuta wa mtu.

Pedi za zamani sikuzitupa. Mimi situpi kitu cha chuma. Nilizifunga kwenye kitambaa nikazitia kwenye mfuko wa spana chini ya kiti.

Mkwe wangu, Mama Yusta, alikuwepo siku hiyo. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake Oresta, binti yetu mchanga. Hapa lazima nieleze, maana wengi wenu mmeoa mjini na hamjui. Mkwe wangu ni mtu wa desturi za zamani. Hanitazami usoni, hali chakula mbele yangu, hanisemeshi. Namwamkia shikamoo nikiangalia pembeni, anaitikia akiangalia pembeni, basi. Akiwa na neno anamwambia mke wangu Yusta, naye Yusta ananiambia, hata kama sote watatu tuko kwenye baraza moja. Si ugomvi. Ni heshima, na hapa mjini hakuna mtu mwingine anayeniheshimu kiasi hicho.

Basi alikaa barazani amenipa mgongo, lakini mgongo wa mkwe wangu una macho. Aliniona nikipaka grisi. Akasikia pia nilipoijaribu pikipiki: kila nilipobonyeza, pedi mpya zilipiga kelele nyembamba ya kukereza meno. Nilimwambia Yusta kwa sauti, ili na jirani asikie, kwamba pedi mpya huwa hivyo mpaka zizoeane na diski, siku chache zitanyamaza.

Siku chache hatukuzipata. Katikati ya wiki simu ilikuja kutoka Kabwe, kule Ziwa Tanganyika: Mzee Kaspari amefariki.

Mzee Kaspari alikuwa kaka wa mkwe wangu, wa mwisho kubaki katika ndugu zake wa tumbo moja. Alishuka ziwani zamani kununua samaki, akaoa huko, akabaki huko. Kule chini kuna joto na hawana pa kuhifadhi maiti, kwa hiyo mazishi yalipangwa kesho yake, saa tisa alasiri, wala hawakuweza kuvuta zaidi. Mkwe wangu aliomba jambo moja tu, nalo lilinifikia kupitia kwa Yusta: amwone kaka yake usoni kabla hajafunikwa, na amtupie udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Basi la Kabwe lilikuwa limekwama huko huko chini kwa sababu ya tope. Shemeji yangu, mtoto wake wa kiume, yuko kazini Mpanda. Yusta ananyonyesha. Nikabaki mimi.

Mnaelewa tatizo. Abiria wa pikipiki hukaa nyuma ya dereva kifua kwa mgongo, na kwenye matuta humshika kiuno. Mkwe wangu aliposikia alifunika uso kwa khanga. Yusta ndiye aliyepata jawabu. Kwa vyovyote mama yake alipaswa kupeleka ulezi msibani. Gunia la ulezi likae katikati, mama ashike gunia, na mimi nisiguswe na mtu. Tulilifunga kwa kamba za mpira jioni hiyo hiyo.

Sumbawanga hadi Chala

Baridi ya asubuhi ya Ufipa mnaisikia tu kwa watu. Nilivaa koti juu ya koti na bado upepo ulipita. Wakati nakunywa chai nilichungulia dirishani, nikamwona mkwe wangu ametangulia nje, ameinama mbele ya gurudumu la mbele, khanga mkononi, midomo inacheza. Nikajua anaiombea pikipiki. Nikaona vibaya kumkatiza, nikaongeza kikombe.

Tuliondoka mimi mbele, gunia katikati, mkwe nyuma yake, na kifurushi chake kimefungwa juu ya taa ya nyuma. Kwenye makutano ya kwanza nilibonyeza breki ya mbele. Kimya kabisa. Ile kelele haikuwepo. Nilifurahi, nikasema kwa sauti, huku nikitazama mbele, kwamba mnaona, nilisema zitanyamaza, stashahada si karatasi tu. Ni kweli breki ilishika kwa uvivu, lakini hilo halikunishtua. Pedi mpya huhitaji kuzoea, na breki ya nyuma ilikuwa nzima.

Barabara ya Namanyere siku hizi ni lami, na uwanda wetu hauna mambo mengi: mahindi, vilima vilivyo uchi, mawingu yaliyokaa chini kama yanataka kukuuliza jambo. Kinachochosha ni upepo wa ubavuni. Gunia lilikuwa linayumba na mimi nayumba nalo. Kabla hatujafika mbali tulikutana na kundi la ng'ombe barabarani, kubwa mno, na wachungaji wake hawakuwa na haraka yoyote. Nikazima injini. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Gunia, mwambie Baba Oresta miguu yangu imekufa ganzi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikakaa kimya. Gunia nalo lilikaa kimya. Akarudia maneno yale yale, kwa utulivu ule ule, na nikaelewa: Yusta hayupo, na mtu lazima apitishe maneno. Nilisafisha koo.

"Gunia, mwambie mama tutapumzika Chala."

"Gunia, mwambie ahsante."

Tangu hapo gunia lilifanya kazi kuliko sisi wote.

Chala tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu vya kuchemsha. Mkwe wangu alizunguka nyuma ya kibanda na kikombe chake ili asinywe mbele yangu. Yule mama wa chai alinusa hewa, akaniuliza nani anakaanga maandazi asubuhi hii. Nikamwambia mimi sikaangi. Akazunguka pikipiki akinusa, akasema harufu inatoka hapa, kijana, umebeba nini. Nikamwonyesha gunia la ulezi. Akasema ulezi haunuki hivyo. Nilicheka, nikamwambia hiyo ni harufu ya pikipiki iliyotunzwa. Nyuma ya kibanda hakukusikika kitu, hata mlio wa kikombe.

Namanyere

Tulifika Namanyere tukiwa na muda wa kutosha, na Namanyere ikaula wote.

Kwanza mvua. Tulisimama chini ya bati la duka, mimi upande huu wa mlango na mkwe upande ule, gunia tumeliweka ndani lisilowe. Mvua ilipopungua nikampigia simu Nestori, mtoto wa marehemu, nikamwambia saa nane tuko Kabwe, achimbe bila wasiwasi. Hiyo ndiyo simu ya mwisho iliyopatikana. Kule mbele mtandao hamna.

Halafu njaa. Niliingia mgahawani nikaagiza wali na maharage kwa watu wawili. Mkwe wangu aliona meza moja, sahani mbili, akageuka moja kwa moja akaingia jikoni kwa wapishi. Dada aliyetuhudumia alisimama akitazama mlango wa jikoni, kisha akanitazama mimi, akaketi kwenye kiti kitupu mbele yangu bila kukaribishwa.

"Kaka," alisema, "sijui amekukosea nini. Lakini mama ni mama. Nenda kamwombe msamaha, mle chakula kwa amani."

Nikamwambia hatujagombana, huyu ni mkwe wangu, hata kwenye pikipiki tumeweka gunia katikati. Akapiga makofi mara moja, akacheka, akaenda kumwita mpishi aje anione. Mpishi alikuja na mwiko wake. Mteja wa meza ya pili, mtu wa makamo mwenye koti la mvua, akaingilia kati kusema kwao hata gunia lisingetosha, ingebidi pikipiki mbili. Mpishi akamuuliza hiyo ya pili angeiendesha nani. Mjadala ukapamba moto, wote wakaingia, na aliyesahaulika ni mimi na bili yangu. Nilipomtoa mkwe jikoni alikuwa ameshajua majina ya watoto wote wa mpishi.

Tulipotoka, jua lilikuwa limeshapita utosini. Kwa lami ningesema hakuna neno. Lakini kuanzia pale ni udongo, na mvua ilikuwa imetutangulia.

Mteremko

Ninyi wa Dar mnafikiri ziwa liko sawa na ardhi, kama bahari yenu. Ziwa Tanganyika liko chini. Ufipa iko juu, halafu inakatika, na barabara inashuka kwa kona na makorongo mpaka kwenye joto. Joto linakupokea kabla hujaliona ziwa. Nilivua koti la kwanza, kisha la pili, na mgongo ukaanza kuuma pale pale unapouma sasa.

Mwanzoni nilishuka kwa gia ndogo na breki ya nyuma. Uzito wa watu wawili na gunia si mchezo. Breki ya nyuma ikaanza kuchoka, pedali inazama na kitu hakishiki. Kwenye kona moja yenye korongo upande wa kushoto nilibonyeza breki ya mbele kwa nguvu zote. Mkono ulikuwa mgumu kama jiwe, maana yake mafuta yanasukuma na pistoni inabana. Lakini gurudumu halikuwa na habari. Liliendelea kuzunguka kama vile sijaligusa.

Nilifanya kinachofanywa. Nilikata kulia, upande wa mlima, nikaingia kwenye rundo la udongo laini ulioporomoshwa na mvua. Pikipiki ilizama, ikasimama, ikalala polepole kama ng'ombe. Sisi tulilala nayo. Mkwe wangu aliangukia gunia, gunia lilipasuka pembeni, na hakuna aliyeumia. Ila katika kuanguka alikuwa ameshika ukosi wa shati langu kwa mikono yote miwili. Alipogundua aliuachia kana kwamba umemchoma.

Tulikaa pale pale kwenye udongo. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kusimama. Kisha nikatazama jua na nikasimama.

Mbeba mkaa mmoja alikuwa anapanda na baiskeli yake, anaisukuma na magunia mawili. Akaegesha, akatutazama, akasema tumechagua mahali pazuri, kona ya chini yake ina mawe. Nikamshukuru. Nilitandika koti langu chini, nikatoa spana, nikaanza kutafuta. Sili ya shokapu, ile inayozuia mafuta yake yasivuje, ilikuwa kavu. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa kavu. Nilifungua kalipa, nikazitoa pedi zangu mpya, nikazikuta zinang'aa, zimelowa, na diski nayo inateleza kama sufuria. Mafuta. Lakini mafuta ya wapi? Nilirudi kwenye sili mara ya pili. Nikarudi kwenye bomba. Yule mbeba mkaa alichuchumaa, akagusa diski kwa kidole, akanusa, akasema hapa ungeweka muhogo ungeiva.

"Gunia," alisema mkwe wangu.

Alikuwa amekaa kando ya barabara amenipa ubavu, anakusanya ulezi uliomwagika, punje kwa punje, kwenye upindo wa khanga.

"Gunia, mwambie Baba Oresta asitafute. Ni mafuta ya alizeti. Niliyapaka mimi asubuhi."

Mbeba mkaa alilitazama gunia, akanitazama mimi.

"Mwambie nilimwona Jumamosi anapaka, nikajua ndivyo inavyofanywa. Kilikuwa kinapiga kelele. Nikasema nitafikaje kwenye kilio cha kaka yangu na kitu kinachopiga kelele namna ile, watu wageuke wanitazame."

Kwetu alizeti hupakwa kila kitu. Bawaba za mlango, cherehani, mnyororo wa baiskeli, ngozi ya mtoto. Kikilia, kipake. Mama yangu mzazi angefanya vile vile. Lakini maneno yalinijia mdomoni, yale ya gereji mnayoyajua, na yalikuwa mengi. Nilitazama ile khanga na zile punje. Nikayameza.

"Gunia," nilisema, "mwambie mama grisi ni ya pini. Diski haipakwi kitu."

Mkono wake ulikuwa umesimama.

"Na mwambie sijakasirika."

"Samahani," alisema mbeba mkaa, "hili gunia mnaishi nalo nyumba moja?"

Hakuna aliyecheka, lakini hewa ilirudi. Akapendekeza tuwashe mkaa wake kidogo tuzichome zile pedi, mafuta yakauke. Wengi hufanya hivyo na mimi nawakataza kila siku. Pedi ikishakunywa mafuta haitapiki yote. Unaichoma, inaonekana kavu, ukiibana ikapata moto inatoa tena, na gundi inayoishika inaachia. Pale pale nilizihesabu zimekufa. Nikafungua kitambaa changu nikatoa zile za zamani, moja ikiwa nzuri kidogo, nyingine ganda la yai. Ndizo zilizokuwepo.

Diski ilihitaji kuoshwa mpaka ikwaruze. Nilitoa petroli kidogo kupitia mpira wa tangi nikalowesha kitambaa. Petroli pekee haikuniridhisha. Nikaliuliza gunia kama kuna sabuni. Mkwe wangu alifungua kifurushi chake akatoa mche mzima wa sabuni aliokuwa anaupeleka msibani, akauweka juu ya gunia, nami nikauchukua juu ya gunia. Maji tulichota kwenye mfereji. Niliosha diski, nikaosha kalipa, nikaosha mikono, nikarudia yote.

"Gunia, muulize tutafika?"

Jua lilikuwa limeshaegemea. Sikutaka kumdanganya, hata kupitia gunia. Nilifunga bolti, nikabonyeza breki mpaka mkono ukawa mgumu, nikashona gunia kwa waya.

Kabwe

Kelele ya pedi mpya ni mluzi. Kelele ya pedi iliyokwisha ni kitu kingine. Kona ya kwanza tu ile ya ganda la yai iliisha, chuma kikakutana na chuma, na mlima wote ukapokea. Ilikuwa kama mtu anapasua bati kwa msumeno. Ndege waliruka. Ng'ombe waliokuwa wanakunywa maji walikimbia. Kila nikibonyeza nilijua nakula diski yangu, diski nzima niliyoitunza mwenyewe, na kila kona nilibonyeza tena, kwa sababu ilikuwa inashika. Gia ya kwanza, injini inazuia, breki inapasua bati, naachia, nabonyeza. Viganja vyangu vilichubukia hapo. Nyuma ya gunia mkwe wangu alikuwa amejifunika khanga kichwa kizima. Kile alichokuwa akikiogopa ndicho tulichokuwa nacho sasa, mara kumi zaidi.

Saa tisa ilitukuta bado tuko juu. Niliona saa kwenye simu isiyo na mtandao, nikairudisha mfukoni. Sikumwambia. Nadhani alijua, alikuwa ameacha kuuliza.

Ziwa lilijitokeza, kubwa, la rangi ya bati jipya. Makaburi yao yako upande wa juu wa kijiji, kando ya barabara tunayoingilia. Niliwaona watu kutoka mbali, kundi kubwa limesimama, na kitu cha ajabu ni kwamba hawakuwa wameelekea kaburini. Walikuwa wameelekea kwetu. Wote. Wanaume wenye majembe, wanawake, katekista na kitabu chake kimefungwa. Nilibonyeza breki mara ya mwisho, ikapiga kelele yake mbele ya umati mzima, tukasimama. Mkwe wangu alikuwa ameshashuka kabla sijazima injini.

Watu walimpisha. Jeneza lilikuwa bado juu, kando ya shimo, kamba zimeshapitishwa chini yake. Nestori alifungua kile kifuniko kidogo cha upande wa uso. Mkwe wangu aliinama, akakaa pale muda aliotaka yeye, akisema maneno ya Kifipa ambayo sikuyasogelea. Kisha wakamshusha kaka yake, na mkono wa kwanza wa udongo ulikuwa wake.

Mimi nilibaki kwenye pikipiki. Nilikaa chini, nikaegemea gurudumu, na sikuweza kunyanyuka tena.

Baadaye Nestori alikuja kuniamkia na bakuli la mgebuka, samaki wa ziwa hilo, wa mchuzi, na ugali. Akanieleza. Walikuwa wamesubiri, simu haipatikani, saa ikapita, katekista akamaliza sala, na wazee wakasema sasa basi. Majembe yalikuwa yameshashikwa.

"Ndipo tukasikia kitu huko juu mlimani," alisema. "Kinapiga, kinanyamaza, kinapiga tena. Wengine wakasema ni mashine ya mbao. Mama yangu akasikiliza, akasema mashine haishuki kona. Huyo ni wifi yangu anakuja, wekeni majembe chini. Tukasimama tunawasikiliza kona baada ya kona mpaka mkatokea."

Nilimuuliza tulisikika tangu wapi. Akanyoosha kidole juu kabisa, karibu na mawingu.

Nililala na bakuli mkononi.

Kupanda, na nyumbani

Mkwe wangu alibaki matangani. Mimi nilipanda peke yangu, kwa breki ya nyuma iliyopoa na mwendo wa konokono, mbele sikugusa. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu na nilijikuta mara mbili nataka kuliambia gunia jambo. Namanyere yule dada wa mgahawa aliniuliza mama yuko wapi, na nilipomwambia yuko matangani, akaongeza nyama juu ya wali. Nilifika nyumbani nikiwa nanuka petroli, alizeti na samaki, na Yusta hakunipa mtoto mpaka nilipooga.

Diski ilikuwa na mifereji ya kupandia mahindi. Nimenunua nyingine. Pedi zile zilizokunywa alizeti nimezitupa, na hivyo ndivyo vyuma pekee nilivyowahi kutupa maishani. Nimefunga pedi mpya, uani, kwenye turubai lile lile, nikaijaribu barabarani. Ikapiga mluzi ule ule, na jirani akachungulia.

Siku hiyo mkwe wangu alikuwa ameshapanda kutoka Kabwe kwa basi. Alikuwa barazani, amenipa mgongo, Oresta mapajani. Yusta alikuwa sokoni. Nilianza kusema kwa sauti, kama ninavyosema siku zote, kwamba msijali, siku chache zitanyamaza.

"Oresta," alisema mkwe wangu kumwambia mtoto, "mwambie baba yako aiache ilivyo. Nikifika mahali, nataka watu wageuke."

Oresta alikuwa amelala. Nilikunja turubai, nikamwambia mtoto kwamba nimesikia.